Moto Haujui Jumatano

"Moto haujui Jumatano." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo fundi Athumani, aliyetaka kuahirisha kuziba paa letu kwa kuwa leo eti ni siku mbaya, nanyi mnaniuliza moto umeingiaje katika habari za paa. Kaeni niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwamsanja kulikuwa na kisima kimoja tu. Aliyeanza kukichimba ni mtu aliyeitwa Mbaruku. Siku ya Jumatano, akiwa ndani ya shimo, udongo wa ukingoni uliporomoka ukamfunika. Mpaka wenzake wamfukue, alikuwa amekwisha kufa. Wakamzika, na matanga yalipoanuliwa wakaendelea kuchimba, maana kijiji kilikuwa na kiu, hadi wakayafikia maji.

Mjane wake, Semeni, alikuwa bado kijana. Nyumba yake ilikuwa karibu na kisima, na akiwa ndani ya eda alisikia kila kitu: ndoo zikigonga mawe, wanawake wakitaniana na kucheka. Siku nyingine alivumilia. Jumatano alishindwa. Akawaomba majirani, "Siku hiyo moja naomba mniachie kimya." Nao kwa huruma wakakubali. Wakawa wanajaza mitungi yao Jumanne jioni, kisha wanafunika kisima.

Eda ikaisha, lakini watu hawakurudi kuchota Jumatano. Mwanzoni kila mtu aliona haya kuwa wa kwanza. Baadaye wakazoea. Watoto wakazaliwa, wakakua wakiambiwa, "Jumatano kisima hakiguswi," bila kuambiwa kwa nini, na mtu asipopewa sababu hujitafutia yake. Bwana mmoja alichota Jumatano, ng'ombe wake akafa wiki ile ile. Ikasemwa ni kisima. Waliofiwa na ng'ombe bila kuchota, hakuna aliyewauliza. Mwisho ikawa habari inayojulikana na wote kwamba mle ndani mna shetani, na siku yake ya kuamka ni Jumatano.

Semeni alizeekea pale pale, hakuolewa tena. Hakuwa mtu wa kukaa barazani kusikiliza maneno ya watu. Kila Jumatano alipouona mfuniko juu ya kisima alifarijika, akidhani kijiji kizima bado kinamkumbuka Mbaruku.

Basi kiangazi kimoja, siku ya Jumatano, mafuta ya vitumbua yaliwaka jikoni kwa mama mmoja aitwaye Pili. Moto ukashika makuti, na upepo ukaanza kuurusha kuelekea nyumba za jirani. Maji ya mitungini yakaisha mara moja. Watu wakakimbilia kisimani na ndoo, na walipofika wakasimama. Shomari, mtunza kisima, alikuwa ameukalia mfuniko.

"Leo Jumatano," akasema. "Mkimwamsha, tutakwisha sote."

"Shomari kaka yangu, nyumba yangu!" Pili akalia.

"Nyumba hujengwa, Pili. Mtu hajengwi."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ndipo Bi Semeni akafika na mkongojo wake, akihema.

"Tukimwamsha nani?" akauliza.

"Shetani, bibi. Wazee ndio waliokataza."

"Wazee gani? Na Mbaruku je?"

Shomari akawatazama wenzake. "Mbaruku ndiye nani?"

Waliokuwapo walisema Bi Semeni alionekana kama mtu aliyeletewa habari ya msiba upya. Kisha akasema, "Mbaruku ni mume wangu. Alifia humo akiwatafutia maji hayo. Aliyekataza ni mimi. Niliomba kimya tu, kwa kuwa nilikuwa nalia. Ondoka hapo, mwanangu. Moto haujui Jumatano."

Shomari hakuondoka. Bi Semeni akautupa mkongojo, akamshika mkono akamvuta, na Shomari, kwa haya ya kupigana mieleka na kikongwe, akainuka. Bi Semeni akateremsha ndoo mwenyewe. Watu wakaisikia ikipiga maji, wakangoja. Hakikutoka kitu ila maji. Pili akaipokea ndoo akakimbia nayo, na hapo wote wakaingia kazini. Shomari naye alishika kamba, akavuta mpaka viganja vikachubuka.

Nyumba ya Pili iliteketea. Iliyofuata ilipoteza paa. Nyingine zote zilipona.

Msidhani hofu iliisha siku ile. Wiki iliyofuata mbuzi wa mtu alivunjika mguu, na wapo waliosema, "Mmeona?" Hata leo Kwamsanja wamo wanaojaza mitungi Jumanne. Lakini Bi Semeni, hadi alipofariki, alikwenda kisimani kila Jumatano, akateka maji yake, na kila aliyemkuta pale alimweleza Mbaruku alikuwa nani. Na mtu akisitasita kufanya jambo la lazima kwa kuogopa siku, watu wa kule humwambia, nasi tumeyapokea maneno hayo kwao: moto haujui Jumatano.