Shangingi Lililopiga Goti

Hapo zamani, na msinicheke nikisema zamani, maana ni mwaka juzi tu, kule juu Lushoto aliishi mama mmoja aitwaye Bi Mwanaidi. Nyonga yake ilikuwa imeharibika. Akitembea inamuuma, akikaa inamuuma, akilala inamuuma zaidi.

Nyumba yake iko mlimani, barabara yake ni mawe na tope. Teksi ndogo hazifiki. Yanayofika ni magari marefu, na kwenye magari marefu Bi Mwanaidi alipandishwa kwa kubebwa na wanaume kama gunia la viazi. Siku moja wakimbeba, kanga ikamponyoka mbele ya mkwewe wa kiume. Akaapa: "Sibebwi tena. Bora nife na nyonga yangu." Akaacha kwenda hospitali. Mimi simlaumu hata kidogo.

Mwanawe Kihiyo, aliyekuwa akifanya kazi Tanga, aliposikia hayo akauza kiwanja chake akamnunulia mama gari. Tena si gari tu, shangingi, lile gari kubwa la wakubwa! Lilikuwa limetumika, lakini viti vya ngozi na bodi inang'aa. Alilikuta kwa muuzaji limelala, tumbo karibu liguse ardhi. Akauliza, "Mbona liko chini hivi?" Muuzaji akamjibu, "Linapumzika, bosi." Na Kihiyo, jamani, akaamini.

Shangingi lile halikuwa na springi. Lilisimama juu ya mipira minne iliyojazwa hewa na pampu. Ukiwasha, pampu inajaza, gari linainuka. Lakini mipira ilikuwa imechoka, inavuja. Ukizima, shiii, linashuka lenyewe. Swichi ya kulipandisha na kulishusha ilikufa kitambo.

Basi likaanza kula. Kioo cha dereva kikashuka, kikagoma kupanda. Kioo kikala kuku wa Bi Mwanaidi, wakauzwa kumlipa fundi. Gia zikaanza kushtuka. Gia zikala mbuzi wawili. Radieta ikapasuka, radieta ikala kondoo. Zizini akabaki mtamba mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, na mipira mipya pamoja na pampu ilitaka ng'ombe wawili wa maziwa.

Dereva wa shangingi alikuwa Hidaya, mjane wa mdogo wake Kihiyo. Zamani Hidaya alikuwa akiendesha kirikuu, kigari kidogo cha kubebea mboga. Mume alipofariki, hakuondoka. Alibaki kumtunza mama mkwe.

Asubuhi ya kwanza baada ya gari kuletwa, Bi Mwanaidi alitoka na mkongojo wake, akalikuta gari liko chini. Akafungua mlango, akageuka, akakaa. Mwenyewe! Akacheka mpaka machozi. "Hidaya, limenipigia goti! Gari hili lina adabu kuliko wajukuu zangu."

Wakaenda hospitali. Wakaambiwa daktari bingwa wa mifupa atakuja Jumanne ya mwisho wa mwezi, naye huja mara moja kwa mwaka. Atakayechelewa atangoja mwaka mwingine. Nyonga ya Bi Mwanaidi haikuwa na mwaka mwingine.

Fundi Singano alipolala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. "Dada Hidaya, hii mipira ikiendelea kuvuja, pampu itafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Niizibe kwa solusheni?"

"Usizibe, fundi. Ukiziba, mama atapandaje?"

Singano akamwangalia bibi wa watu mlangoni, akakusanya vifaa vyake. Hakumwambia hata Kihiyo.

Jumapili, siku mbili kabla ya daktari, pampu ikaungua. Shangingi likalala chini, matairi yameumana na bodi, haliendi mbele wala nyuma. Kihiyo akapanda mlima kutoka Tanga akiwa amechanganyikiwa. Jumatatu nzima Singano akalala kwenye tope la baridi. Akang'oa mipira yote minne, akafunga springi za chuma alizozitoa kwenye gari chakavu, tena bila kudai ujira. Jioni gari likasimama. Likasimama imara, juu, na halikushuka tena.

Jumanne asubuhi Bi Mwanaidi akatoka na mkongojo. Akalitazama gari, kiti kiko usawa wa kifua chake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Limekasirika?"

Najua mtasema kigoda. Kililetwa. Ua wote ni mteremko na tope, kigoda kikateleza, nusura aanguke. Kihiyo akanyoosha mikono ambebe, mama akarudi nyuma. "Niliapa, mwanangu."

Hapo Hidaya, amevaa gauni lake la sikukuu, akaweka magoti na viganja kwenye tope, mgongo wake chini ya mlango.

"Panda, mama."

"Nitakuumiza, mwanangu."

"Panda. Daktari hangoji."

Bi Mwanaidi akavua kwanza ndala zake. Akakanyaga mgongo ule kwa miguu mitupu, taratibu, akakaa kitini. Mlima ule wote wa kushuka alikuwa akilia, na Kihiyo naye akilia, na aliyekuwa anaendesha alikuwa Hidaya, amejaa tope.

Alipasuliwa, akapona. Baada ya miezi mitatu alishika mlango wa shangingi lile refu, akapanda kwa miguu yake miwili. Siku hiyo akawaita Kihiyo, Singano na Hidaya. Akamtoa zizini yule mtamba, ambaye sasa alikuwa na mimba, akasimama na kamba mkononi.

"Sina kingine. Huyu ni wa aliyenifikisha. Semeni."

Kihiyo akasema, "Mama, niliuza kiwanja. Bila gari kusingekuwa na goti la kupigwa wala springi ya kufungwa."

Singano akasema, "Bibi, gari lilikuwa limekufa uani kwako. Gari bovu alilileta Kihiyo kwa kumwamini muuzaji. Mimi ndiye niliyelifufua kwa siku moja."

Kihiyo akamgeukia. "Na ulijua pampu inakufa, ukanificha!"

"Nilificha kwa sababu dada aliniomba," akasema Singano.

Hidaya akainamisha macho. "Ni kweli. Pampu iliungua kwa sababu yangu, nilitaka mama apande peke yake. Mimi sidai." Akajishika kiuno. "Lakini mgongo wangu mpaka leo unauma."

Bi Mwanaidi akabaki amesimama na kamba, akiwatazama mmoja mmoja. Kiwanja kile hakitarudi. Baridi ya tope lile ilimwingia Singano kifuani, anakohoa mpaka sasa. Na nyayo za Bi Mwanaidi, yeye mwenyewe anasema, bado zinalisikia joto la mgongo ule.

Mtamba hagawanyiki, naye karibu atazaa. Haya, ninyi mliokaa mnanisikiliza: kamba ile ilistahili mkono wa nani?