Zimwi Lililokuja Kusukwa

Sogeeni, wajukuu, na wewe unayesinzia niazime masikio yako. Palikuwa na msusi, Mashavu, mwenye mikono laini na mdomo kama wangu, ila mwoga ajabu. Siku moja likaja zimwi la kike, likajitupa mkekani, kichwa kati ya magoti ya Mashavu.

"Wee, nisuke! Nisipopendeza, nakutafuna."

Mashavu akasuka, akamaliza. Zimwi likajitikisa, nywele zikafumuka zenyewe. "Zinabana! Anza upya!"

Akasuka tena. Zikafumuka. "Zimelegea! Hiyo mikono au kwato? Anza upya!"

Mara ya tatu, akikaribia kumaliza, Mashavu akahisi paja limelowa. Kumbe zimwi linalia.

"Bibi wee, nakuumiza?"

"Hapana. Mama alikuwa akinisuka hivihivi. Tangu afe, hakuna aliyenigusa kichwa. Ukimaliza, itabidi niondoke."

Mashavu, mwoga yule, akaweka kitana chini.

"Basi lala mapajani, mwanangu, nikutafute chawa."

Akapekua, akapekua, mpaka zimwi likakoroma. Chawa hakuwamo hata mmoja. Na majirani, msinitaje, wanasema mpaka leo Mashavu bado anawatafuta chawa hao.