Mwiko wa Radojka

Mshika mbili, moja humponyoka. Methali hii hutupiwa watu wa tamaa, wanaotaka hiki na kile kwa mkupuo mmoja. Lakini Radojka hakuwa mlafi. Alitaka mambo mawili tu, yote ya haki: kuishi, na kubaki mpishi mkuu wa jamu ya plamu katika kiwanda kidogo cha Vukoman, kijijini kwetu, kwenye vilima vya magharibi ya Serbia. Hapo ndipo penye uchungu wa methali hii, kwamba haimwonei haya hata mtu mwema.

Figo zake zilikuwa zimekufa, zote mbili. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi gari la hospitali lilimpeleka mjini, akalazwa kando ya mashine iliyotoa damu yake, ikaisafisha na kuirudisha mwilini. Saa nne za kulala chali, kwa mwanamke ambaye hata mkate aliula amesimama. Miguu ilimcheza chini ya blanketi, na macho hayakubanduka kwenye saa ya ukutani.

Miezi mingine alimudu. Septemba ndiyo iliyomtesa, maana plamu huiva zote kwa pamoja wala hazimngoji mtu. Jamu yetu haitiwi sukari. Huchemka mpaka iwe nzito na nyeusi, na mwiko ukitulia kidogo tu inashika chini. Tena kwetu mwanamke aliyeanza kukoroga ndiye anayemaliza. Husemwa kwamba jamu ikibadilishiwa mkono huchacha. Binafsi sijaiona ikichacha kwa sababu hiyo, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Kwa hiyo siku za hospitali sufuria kubwa ya shaba ilimngoja Radojka mpaka arudi, huku plamu zikilainika ndani ya masanduku.

"Wifi, nipe huo mwiko siku zako za hospitali," Stamena, dada wa marehemu mumewe, alimwambia huku akitoa kokwa za plamu.

"Nikikupa leo, kesho utanirudishia?"

"Kwani umeolewa nao? Hata kaka yangu hukumng'ang'ania hivi."

"Kaka yako hakuna aliyekuwa akimtaka."

Wanawake walicheka, na Radojka akacheka nao, ila mkono haukuacha kuzunguka. Moyoni aliogopa. Tangu afiwe, kijiji kizima kilimwita Radojka wa jamu. Ukimwondolea jamu angebaki Radojka wa figo, na jina hilo hakulitaka kabisa.

Basi akaanza kuiba muda wa mashine. Ijumaa moja alimwita muuguzi Snežana kabla ya wakati.

"Nitoe, mwanangu. Plamu zinaoza."

"Bado saa nzima, mama. Na hizo plamu huzili? Nilikwambia zina potasiamu, na figo zako haziwezi kuitoa. Ikijaa kwenye damu inalegeza misuli, halafu inasimamisha moyo."

"Sizili. Naonja tu."

"Unaonja mara ngapi kwa siku?"

Radojka akaitazama saa ya ukutani. "Nisipoonja nitajuaje kama imeiva? Kwa kuinusa?"

Wala hakuwa akidanganya. Kwa wapishi wa kwetu kuonja si kula, na kijiko cha jamu hakihesabiwi. Damu yake, kwa bahati mbaya, ilikihesabu. Ijumaa hiyo alitoka kabla ya wakati, Jumamosi alionja, Jumapili akaonja, na mashine iko mjini.

Jumatatu alfajiri mawingu yalijikusanya. Vukoman, mwenye kiwanda, alisema plamu zilizobaki lazima zipikwe siku hiyo hiyo kabla mvua haijaziozesha, la sivyo zimwagiwe nguruwe.

"Nitapika," alisema Radojka.

"Leo si siku yako ya mashine?"

"Mashine haiozi."

Gari la hospitali lilipopiga honi, Radojka alitoka mlangoni akalipungia mwiko liende zake. Stamena aliona, akatukana kimoyomoyo, akarudi kwenye kokwa zake. Hilo alikuja kulijutia sana.

Mchana jamu ikaanza kuwa nyeusi na kurusha matone ya moto. Radojka alihisi midomo ikimchonyota. Miguu ilikuwa mizito, kama amevaa soksi za sufu zilizolowa maji.

"Wifi, mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Moshi tu. Leta kuni."

Akaonja tena. Alipotaka kukoroga, vidole havikumtii. Vilifunguka vyenyewe, kimoja baada ya kingine, mwiko ukamponyoka na kuzama ndani ya jamu, naye akaanguka sakafuni.

Stamena aliruka masanduku, akamkumbatia kifuani na kumburuta hadi kwenye gari la Vukoman. Nyuma yao sufuria ilibaki motoni. Hakuna aliyeikumbuka mpaka harufu ya kuungua ilipofika barabarani.

Radojka alizinduka jioni, mirija mkononi, mashine ikinguruma kando yake. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba wangechelewa kidogo tu, moyo ungesimama.

"Jamu?" aliuliza.

"Imeungua," alisema Stamena. "Na sufuria imetoboka."

"Si ungeshika mwiko?"

"Nina mikono miwili tu, wifi. Na wewe ni mzito."

Radojka akalia kwa kwikwi na, Mungu amsamehe, alichokuwa akikililia ni jamu.

Ijumaa Vukoman aliazima sufuria nyingine, akanunua plamu za majirani, akampa Stamena mwiko wa siku zote za hospitali. Stamena alikoroga mwanzo mwisho. Jumatatu iliyofuata alipanda gari la hospitali pamoja na wifi yake, akamwekea chupa ya jamu aliyoipika mkononi pale kitandani.

"Tazama rangi yake. Usionje."

Radojka aliinamisha chupa. Jamu ilisogea polepole, nyeusi, nzito, haina kasoro. Alitamani aione imechacha. Alitamani hivyo kwa moyo wake wote, na aliona aibu.

"Imeiva," alisema, na neno hilo lilimuuma kulitoa.

Akamrudishia wifi yake chupa. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zimebaki saa tatu nzima, na safari hii hakumwita muuguzi. Uhai alikuwa nao. Mwiko ulikuwa sasa na wenyewe wawili. Mshika mbili, moja humponyoka.