Nani Alimsimamisha Bi Nyamizi

Hapo zamani, na wala si zamani ya wafalme na majini, ni hii zamani yetu ya juzijuzi, walikuwapo Tabora wajane wawili wa mume mmoja. Mkubwa aliitwa Bi Nyamizi, mdogo aliitwa Bi Tausi. Mume wao, Mzee Songoro, alikuwa fundi wa kushona nguo. Alipokufa aliwaachia nyumba moja yenye ua mmoja na milango miwili. Bi Nyamizi alikaa mlango wa kulia. Bi Tausi alikaa mlango wa kushoto. Jiko lilikuwa katikati, na humo ndimo walimokuwa wakigombana.

Cherehani ya marehemu ilibaki chumbani kwa Bi Nyamizi, ndani ya sanduku lake la mbao, na ufunguo ukawa shingoni mwake. Hakushona nayo. Hakumpa mtu ashone nayo.

Siku moja Bi Nyamizi aliteleza uani, akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali, akatiwa chuma, akarudishwa nyumbani. Baadaye daktari akamwambia, "Mama, mfupa umeunga. Sasa simama utembee."

"Nitasimama," akasema Bi Nyamizi.

Hakusimama. Kila alipoweka mguu chini aliona ile sakafu ya uani inamjia tena usoni, akarudi kulala. Daktari akamvuta pembeni Chiku, mke wa mwanawe, aliyekuwa akiishi naye. "Akiendelea hivi miguu itanyauka. Kitandani hapo hatatoka mpaka siku ya kutolewa maiti."

Alidhani amenong'ona. Bi Nyamizi alisikia yote. Jioni akaita majirani, wakajaa chumbani, akasema mbele yao: "Atakayenisimamisha, cherehani ya Songoro ni yake."

Majirani wakaitikia. Bi Tausi alikuwapo mlangoni. Hakuitikia.

Basi mwanawe, Mrisho, fundi wa mafriji kule Mwanza, alipopata habari aliuza pikipiki yake, akamnunulia mama mashine ya mazoezi. Mashine ilikuwa moja, kazi zake nyingi. Ukiketi, ilikuwa baiskeli isiyo na magurudumu. Ukiilaza, ilikuwa benchi. Ukivuta mipira yake, ilikuwa ya kutia mikono nguvu. Na ukimaliza ulichomoa pini iliyoishikilia, ukaikunja, ukaisukuma uvunguni. Ilikuja ndani ya boksi lenye picha ya kijana kifua wazi.

Bi Nyamizi akamtazama kijana yule. "Huyu ndiye atakayenifundisha?"

"Hapana mama," akasema Chiku, "ni picha tu."

"Basi mfunike. Hiki ni chumba cha mjane."

Chiku akamfunika kwa kanga.

Mashine ikafungwa nati zake, ikawekwa karibu na kitanda. Bi Nyamizi akasema ataanza kesho. Kesho akasema kesho. Mashine ikaanikwa nguo, ikatundikwa mkoba, kuku akaizoea akawa anaatamia juu ya kiti chake.

Chiku alipoona hivyo akaacha biashara yake. Alikuwa akiuza vitumbua stendi kila asubuhi, na wateja wake walikuwa wamemzoea kama walivyozoea jua. Akawaacha. Asubuhi akawa anamfukuza kuku, anamketisha mkwewe, anamfunga mito mgongoni, anashika miguu yake kwa mikono miwili na kuizungusha kwenye pedali. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Bi Nyamizi akilia, Chiku anazungusha. Bi Nyamizi akitukana, Chiku anazungusha. Akimaliza miguu anampa mipira avute, mpaka mikono ya bibi yule ikawa migumu kama ya mtwanga nafaka.

Na kila asubuhi Bi Tausi alikuja kuegemea mlango, kikombe cha chai mkononi.

"Mwenzangu, baiskeli gani hii isiyofika hata sokoni?"

Bi Nyamizi hujibu kwa pedali.

"Tangu alfajiri unakanyaga. Hata Uyui hapo jirani hujafika?"

Bi Nyamizi hukanyaga kwa nguvu zaidi, jasho likimtoka, akiwaza kwamba pedali ile ni kichwa cha mtu. Chiku aliligundua jambo hilo akalinyamazia: siku ambayo Bi Tausi hakuja, mazoezi yalikuwa mafupi.

Miguu ikanenepa, ikapata nguvu. Daktari akaibonyeza, akastaajabu. "Mama, miguu hii inatembea. Simama."

"Nitasimama," akasema Bi Nyamizi. Hakusimama.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Asubuhi moja Chiku alimlaza mkwewe kitandani, akachomoa pini ya mashine ili aikunje, apate kufagia. Kabla hajaikunja akasikia maji yametoka bombani. Mnajua maji ya bomba hayamsubiri mtu. Akachukua ndoo, akakimbia, pini mfukoni.

Bi Tausi akaingia. Akaona mashine i tupu. "Kumbe ndiyo hii inayokutoa jasho? Ngoja nikuonyeshe mimi, niliyekuja nyumba hii baada yako."

"Tausi, usikalie," akasema Bi Nyamizi.

Bi Tausi akakalia. Akakanyaga mara moja, mara ya pili, na mashine ikajifunga kama kitabu, naye ndani. Mtandio wake ukanaswa na pedali. Kila alipotupa mguu, pedali ilizunguka. Kila pedali ilipozunguka, mtandio ulikaza shingoni.

"Chiku!" akaita Bi Nyamizi. Chiku yuko bombani. "Jamani majirani!" Majirani nao wako bombani.

Bi Tausi akawa anakoroma. Bi Nyamizi alimtazama kutoka kitandani, na tusifichane, kwa kitambo kidogo aliwaza kugeukia ukutani. Nani angemlaumu mgonjwa wa nyonga? Kisha akaona lile jicho la Bi Tausi linamtazama, jicho lisilo na dhihaka hata kidogo, na hakuwahi kuliona hivyo isipokuwa siku ya kumzika Songoro.

Akasimama.

Akashika ukuta, akauacha. Akaifikia mashine, akashika pedali kwa mikono yake ile migumu, akairudisha nyuma mpaka mtandio ukalegea. Chiku alipoingia na ndoo aliwakuta wakwe zake wote wawili: mmoja kalala chini anatafuta pumzi, mwingine kasimama juu yake, anamwambia, "Nilikwambia usikalie."

Mrisho akaja kutoka Mwanza. Majirani wakajaa tena, safari hii uani. Bi Nyamizi akatoka kwa miguu yake, akavua ufunguo shingoni. "Nilitoa neno, na leo nimesimama. Anayedai aseme."

Mrisho akasema, "Mama, mashine niliinunua mimi. Leo nakwenda kazini kwa miguu ili wewe upate miguu. Bila mashine, Chiku angezungusha nini? Na hiyo ni cherehani ya baba yangu."

Chiku akasema, "Mashine alinunua mume wangu, sikatai. Ikawa kiota cha kuku. Nguvu iliyo katika miguu hiyo imepita kwanza mikononi mwangu. Wateja wangu sasa wananunua kwa mwingine. Nikiipata cherehani nitashona, nitakula. Pini niliisahau, kosa ni langu, lakini miguu pia ni kazi yangu."

Bi Tausi akasema, shingo ingali na alama, "Na mimi nadai."

Watu wakacheka. Mrisho akasema, "Mama mdogo, wewe ndiye uliyeokolewa! Tangu lini aliyeokolewa akadai zawadi?"

"Tangu leo. Mrisho, wewe ulileta mashine, hakusimama. Chiku, wewe ulitia nguvu, hakusimama. Daktari alimwambia simama, hakusimama. Miguu yake ilikuwa na kila kitu, ila haikuwa na pa kwenda. Mimi ndiye niliyeipa pa kwenda, na nusura nilipie roho yangu."

"Ulikusudia?" akauliza Chiku.

"Sikukusudia. Na wewe ulikusudia kusahau pini?"

"Na hiyo cherehani utaifanyia nini?" akauliza Bi Nyamizi. "Hujui hata kutunga uzi."

Bi Tausi akatazama chini. "Sitashona. Nataka niizungushe tu, niisikie inavyolia. Tangu afe, nyumba hii iko kimya mno."

Bi Nyamizi akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akamtazama mke mwenzake. Kuwagawia hawezi, cherehani haikatwi vipande. Kuirudisha chumbani hawezi, neno lilitoka mbele ya watu. Yuko pale amesimama, ufunguo mkononi, na miguu imeanza kumuuma.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, msimchoshe mgonjwa. Ameleta mashine mmoja, ametia nguvu mmoja, amekabwa mmoja. Je, nani alimsimamisha Bi Nyamizi, na ufunguo apewe nani?