Zamu ya Mnyamavu

Zamu ya mnyamavu hairukwi. Mmeisikia asubuhi kule wodini, na sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Vizuri, muuguzi asiyeuliza huishia kugawa vidonge tu. Methali hii ilianza hivi.

Katika wodi moja ya wagonjwa wa akili, huko nyanda za juu, alikuwepo muuguzi aitwaye Sista Anyelwisye. Kila alasiri aliwakusanya wanawake wa wodi ile wakakaa duara, na ungo wa maharage ya jikoni ukazunguka. Aliyeupakata alichambua mawe huku akisema lililo moyoni, na hakuna wa kumkatiza. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Miongoni mwao alikuwa Tusekile, aliyefiwa na mwanawe na tangu mazishi hajafungua kinywa. Ungo ukimfikia, alichambua kimya, kisha akampa jirani. Wenzake wakawa wanakohoa na kutazamana. Sista akaingiwa na huruma, akasema, "Jamani, mama huyu msimsumbue. Mrukeni." Alidhani ametenda wema.

Haukupita muda Tusekile akaacha kula. Alilala akitazama ukuta, na kikundini haji tena. Daktari akasema akiendelea hivyo mpaka Ijumaa atahamishiwa hospitali ya mbali, ambako mumewe, mkulima wa viazi, asingekuwa na uwezo wa kumfuata. Sista alihuzunika, lakini udadisi haukumwacha alale. Dawa ni zile zile, kitanda ni kile kile. Sasa kimebadilika nini?

Akamuuliza Bi Sekela, mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Unaniuliza mimi, na wewe ndiye uliyemtoa?"

"Nimemtoa wapi?"

"Duarani. Ungo unampita kana kwamba hayupo. Mimi nilikuwa nakaa naye bega kwa bega, Sista. Zamu yake ikikaribia nilimsikia anavyohema. Alikuwa anajiandaa yule."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulisema tusimsumbue."

Sista aliinuka papo hapo. Alikwenda kwa Tusekile, akachuchumaa kando ya kitanda. "Mama, nimekukosea. Zamu yako ipo. Usiposema, tutakaa nawe hivyo hivyo."

Alasiri ile Tusekile alikuja, blanketi mabegani. Wakampa ungo. Akachambua. Mama mmoja akataka kudakia, Sista akamzuia kwa mkono, ingawa naye kimya kile kilimuwasha mwili mzima. Maharage yakaisha mawe, na Tusekile bado ameupakata ungo, anayageuza tu kwa kidole. Kila mtu alimsikia akihema.

"Haya alikuwa hayapendi," akasema. "Alikuwa anaficha chini ya mkeka, akidhani sioni."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Tusekile akalia, akalia sana, na wenzake wakamwacha alie. Jioni aliomba uji mwenyewe, na Ijumaa ilipofika daktari hakuwa na sababu ya kumhamisha.

Lakini alasiri ile alipolia, kabla hawajatawanyika duarani, Tusekile alifuta machozi akamkabidhi Bi Sekela ungo. Bi Sekela akaupokea kwa mikono miwili, akamgeukia muuguzi. Hakuwa anamsuta, alisema kama mtu anayemweleza mwenzake njia.

"Umeona, Sista? Zamu ya mnyamavu hairukwi."