Kwa Nini Ukuta Mwekundu Huanguka Kila Mwezi

Digrii yangu ya baiolojia iko chini ya kitanda inakula vumbi. Four years natuma maombi ya kazi, hata wa kuniambia "hukufaulu" hakuna. Lakini juzi Navoneiwa, binti wa kaka yangu, alipotoka chooni analia kwamba anakufa, sikumchorea grafu za profesa. Nilimpa maneno ya bibi Namkunda, aliyonipa mimi jikoni kwake Usangi, akichambua maharage, siku nilipodhani nakufa.

Zamani hizo, alisema bibi, mwanamke hakuona damu. Ndani yake palikuwa na chumba cha mgeni, na mgeni ni mtoto. Bi Mkubwa akaaye kichwani aliwatuma dada wawili wakitayarishe. Kandika alikandika kuta kwa udongo mwekundu. Tuliza alitandika, akalinda mlango. Hakuna aliyewaambia waache lini. Mgeni akichelewa, Kandika aliongeza udongo juu ya udongo.

Basi mgeni akaja kwa Nakiete, mwanamke aliyemngoja miaka saba. Akakuta kuta zimevimba, zimepasuka, zanuka uvundo, hapana pa kulaza ubavu. Akageuka. Nakiete akalia hata Bi Mkubwa akasikia, akamuuliza Tuliza alingoja muda gani.

"Mpaka nikasahau namngoja nani, Bi Mkubwa."

"Kwetu mgeni halazwi kwenye udongo wa mgeni mwingine. Ngoja nusu mwezi. Asipokuja, ondoka mlangoni, ukuta uanguke, mwenzio aanze upya."

Nakiete alipoona wekundu unamtoka, akajua ndiyo mwisho wake. Tuliza, akiwa njiani kuondoka, akamnong'oneza, "Si kifo, mama. Ni udongo wa jana." Ukuta wa tatu ulipokandikwa, mgeni alirudi, akakuta pabichi, akalala. Tuliza hakubanduka mlangoni miezi tisa.

Na tangu siku hiyo ukuta huanguka kila mwezi, na ukipita mwezi ukuta usianguke, wanawake hutazamana wakacheka chinichini.

Profesa aliwaita dada hao estrojeni na projesteroni, very scientific, akala muhula mzima. Bibi alimaliza kabla maharage hayajachemka. Jiko lile limeshabomoka; harufu yake ninayo.

Navoneiwa alifuta kamasi. "Kwa hiyo shangazi, Tuliza kaondoka?"

"Kaondoka."

"Na Kandika?"

"Anakanyaga udongo, mwanangu. Yule hajawahi kukosa kazi."