Zeze Lililobaki Peke Yake

Mtu mmoja jina lake Mihambo alikuwa na zeze, na alikuwa na kaka mpiga ngoma. Kaka huyo, Masele, alikuwa na mke, Nyamizi, aliyetikisa kayamba. Watatu hawa hawakuwa na wimbo hata mmoja walioupanga. Wakikaa kupiga, hakuna aliyejua watafika wapi. Mmoja alianza, mwenzake akasikiliza, kisha akaongeza alichoona kinapungua. Kazi yao yote ilikuwa masikio.

Walikuwa na desturi moja. Aliyetaka mwenzake asikike alinyamaza kidogo, na mwenzake akaichukua nafasi ile. Kunyamaza huko walikuita kupishana. Lakini Masele alipoanza kuugua moyo, waliwekeana sharti: ngoma ikinyamaza, kila mtu amtazame kwanza mwenye ngoma. Mihambo alilikubali kwa kinywa chake mwenyewe.

Ubaya ni kwamba Mihambo alikuwa na kijicho. Miaka yote watu walimsifu Masele, kisha wakageuka na kusema, "Na zeze pia lilikuwa zuri." Hilo "pia" lilimla maini.

Siku ya arusi ya jirani walipiga uwanjani, jua la mchana likiwaka. Mihambo alifumba macho, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mara ngoma ikanyamaza. Sharti alilikumbuka, nisiwadanganye. Alilikumbuka vizuri sana. Akajiambia kwamba kaka anampisha, na akifumbua macho utamu utakatika. Akapiga. Mkono ukamgusa gotini. Akalisogeza goti, asivurugwe. Kayamba nalo likanyamaza. Nyamizi akaita jina lake, naye akadhani anashangiliwa. Furaha ikamjaa mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamempisha, na umati mzima ulikuwa umetulia kwa ajili yake. Siku ile alipiga kuliko alivyowahi kupiga maishani mwake.

Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Akafumbua macho. Nyamizi alikuwa amekaa vumbini, kichwa cha mumewe kikiwa mapajani mwake. Masele alikuwa amekwisha kata roho. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umenyooka, umelala pale goti la mdogo wake lilipokuwa.

"Shemeji," Nyamizi akamwuliza, "hukutusikia tulivyonyamaza?"

"Niliwasikia," akajibu Mihambo. "Nilidhani mmenipisha."

Nyamizi hakumwambia neno jingine, si siku ile wala siku ya maziko. Na waliosimama uwanjani pale wanakiri mpaka leo kwamba hawajasikia zeze tamu kama lile, na kwamba hawataki kulisikia tena.

Basi wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako kuna mtu aliyenyamaza siku nyingi: umekwisha mtazama usoni, au unaendelea kupiga?